Ufunguo wa Msumari wa Saba

Sogeeni karibu, ila leo msitegemee kucheka. Hadithi hii ni ya watu watatu waangalifu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hawa walitahadhari wote watatu, na hatari ikaja vilevile.

Kule Rungwe kuna kiwanda cha chai kilichobanwa na kilima, na maegesho yake ni finyu mno. Gari husimama nyuma ya gari, na la mbele halitoki mpaka la nyuma lisogezwe. Kwa hiyo, tangu zamani, kila mwenye gari huacha funguo zake getini kwenye ubao wa misumari, na anayetaka kutoka husogeza gari la mwenzake. Mlinzi wa ubao huo alikuwa Mzee Mwakibete. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Kwa miaka kumi na tisa hakupoteza ufunguo hata mmoja, wala hakumpa mtu asiyemjua.

Wa pili alikuwa Bi. Subira, meneja, na kipaji chake kilikuwa utaratibu. Siku aliyosikia kuna mfanyakazi mwenye bastola, aliandika amri: silaha isiingie kiwandani, mwenye kibali aiache ndani ya gari, na gari lifungwe. Akaibandika pembeni ya ubao wa funguo, maana hapo ndipo kila mtu hupita.

Wa tatu alikuwa Bwana Mwaisaka, fundi mkuu wa mitambo, na kipaji chake kilikuwa utii. Majambazi walishamvamia kwake wakamvunja mkono, ndipo akaomba kibali cha bastola. Kiwanda kizima kilijua habari hiyo. Amri ilipotoka hakubisha. Kila asubuhi aliifungia bastola kwenye kisanduku cha chuma chini ya kiti, akafunga gari, akatundika funguo zake kwenye msumari wa saba, ufunguo wa kisanduku ukiwemo. Mzee Mwakibete alimwona, akanyamaza. Amri ilikuwa ukutani. Yeye ni nani aihoji?

Basi siku moja ya mvua, Asajile, mpimaji wa majani, alikutwa amelewa kwenye mizani. Msimamizi wake, Bi. Atuganile, akamsimamisha kazi. Asajile alifika getini macho mekundu.

"Tata, baba yangu, gari la Mwaisaka limenizibia. Nipe nilisogeze, nikalale."

"Pole, mwanangu. Kesho nayo ni siku," alisema mzee, akampa funguo. Alimjua tangu akiwa kibarua wa kuchuma chai.

Asajile hakulisogeza gari; alifungua kisanduku chini ya kiti, akarudi mizani. Ililia risasi moja, kisha nyingine. Bi. Atuganile alifia mlangoni pa chumba cha mizani, kalamu ikiwa bado mkononi. Asajile yuko gerezani, na yeye si fumbo letu.

Matanga yalipokwisha, mume wa marehemu alikuja getini kwa miguu, akaomba wale watatu waitwe.

"Sikuja kugombana," alisema. "Mwanangu Tusekile ana miaka sita. Nimemwambia Asajile ndiye aliyemuua mama yake. Sasa kila akiamka ananiuliza, nani alimpa bunduki? Mimi nimeshindwa. Mmoja wenu aje amjibu."

"Twende wote," alisema Bi. Subira.

"Mkimjibu wote, kila mmoja atamtazama mwenzake, na mtoto ataona hakuna aliyempa. Nataka mmoja."

Mwaisaka akasema, "Bastola ni yangu. Lakini niliiweka pale nilipoambiwa."

Bi. Subira akasema, "Amri ni yangu. Lakini niliandika gari lifungwe, sikuandika funguo ziachwe." Alisema hivyo huku ameupa mgongo ubao aliopita mbele yake kila siku.

Mzee Mwakibete akasema, "Mkono uliotoa ni wangu. Lakini kutoa funguo ndiyo kazi mliyonipa."

Wote walisema kweli, na hakuna aliyepata nafuu.

Walimfuata yule baba hadi kwake, mvua ikinyesha, kila mmoja akitumaini mwenzake atajitolea njiani. Hakujitolea mtu. Tusekile alikuwa mlangoni, amevaa koti la mvua la mama yake, mikono ya koti ikiburuta chini. Mzee Mwakibete alimkumbuka Atuganile akipita getini na koti hilohilo, akimsalimu kila asubuhi. Akiingia yeye, alijiambia, wale wawili watarudi kulala. Asipoingia, mtoto huyu atakua na swali lake. Alinyanyua mguu, akaurudisha palepale.

Mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Ni nani kati yenu?" akauliza.

Haya, wasikilizaji wangu, mimi nimewafikisha hapo mlangoni na siwezi kuendelea. Mvua inawanyeshea wote watatu, na mtoto anangoja. Je, wewe ungemsogeza nani mbele?