Neno la Kwanza katika Nchi ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, tembo walipokuwa bado hawajui utani, ukame uliikausha nchi ya digidigi ikabaki vumbi tupu. Mama mmoja digidigi akamchukua bintiye, Siwema, wakahamia nchi ya tembo.

Walifika adhuhuri. Bwana Tembo akatua sinia la maboga, ti! "Karibuni chakula."

Matumbo yao yalikuwa yananguruma. Lakini kwao Digidigi, mgeni hukataa kwanza, akabembelezwa, akakataa tena, ndipo anakula. Akasema, "Aa, tumeshiba, ndugu yangu."

"Haya." Sinia likaondoka!

"Ngoja! Nilikuwa nasema tu!"

"Hapa tunashika neno la kwanza," akasema Bwana Tembo. "La pili hatulisikii."

Kesho yake walipokaribishwa, ulimi ukamteleza Digidigi: "Asante, msijisumbue." Sinia hilo likaenda zake. Mdomo umezoea, ungefanyaje? Tangu hapo tembo wakaambiana, "Wale wawili hawali," na hakuna aliyewakaribisha tena. Siwema akabaki mifupa. Digidigi alilia, alilia kweli, akaitamani hata ile nchi yake ya vumbi.

Kisha akafuta machozi. "Wanashika neno la kwanza? Basi nitawapa."

Siku ya nne tembo wakiwa wanakula, akaingia mbio, kwatu kwatu kwatu! "Msile! Maboga yana sumu! Nimeonja, mwenzenu nimekufa!" Akaanguka, pu!

Lo! Tembo walivyotimka! Digidigi akainuka, akatafuna boga, kacha kacha, akacheka peke yake. Kabla hajamwita Siwema, tembo wakarudi na majembe.

"Niko hai! Nitazameni!"

"Ulisema umekufa," akasema Bwana Tembo, machozi yakimtoka. "Pole sana, marehemu."

Wakachimba kaburi dogo, wakalifukia tupu, wakaomboleza. Digidigi alizunguka miguuni mwao akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndipo Bwana Tembo akaleta sinia lingine mbele ya Siwema.

"Hiki ni chakula cha yatima, na ni lazima yatima aseme mwenyewe. Binti, mama yako yuko wapi?"

"Mwambie, mwanangu! Sema niko hapa!" Digidigi akanong'ona.

Siwema akamtazama mama yake. Akalitazama boga.

"Amekufa," akasema, akaanza kula.

Hadithi imekomea hapo, nami funzo lake silipendi: ukiwadanganya wenyeji kwa desturi yao, utaishi ndani ya uongo wako.