Dua ya Bibi Ntahondi

Dua usiyoielewa usiiite laana. Mmeisikia kauli hii leo msibani, mkaniuliza imetoka wapi. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Katika kambi moja ya mkonge huko Tanga aliishi mwinjilisti mmoja Mpare, jina lake Elinaza, mtu wa sala na mkali wa maneno. Jirani yake alikuwa Bibi Ntahondi, mjane wa Kiha ambaye marehemu mumewe alikuja huko kama manamba, kibarua wa mkataba mashambani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Kila alfajiri alitoka nje, akanyunyiza maji chini na kunong'ona kwa Kiha. Elinaza akimwona, hufunga dirisha.

"Mume wangu, yule ni mama yetu," mkewe Nakunda alimwambia.

"Mama gani anayesema na mizimu?"

Nakunda alipougua, akawa anakonda huku waganga wa zahanati wakishindwa kuujua ugonjwa, Elinaza alitega sikio uani. Katika ule mnong'ono alisikia jina la mkewe, na neno moja likirudiwarudiwa: Imana. Damu ikamchemka. Jumapili alilitaja neno hilo madhabahuni, akasema ni jina la pepo aliyetumwa na bibi jirani kumla mkewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu ya bibi yule kisimani. Haikupita wiki, akafunga mzigo wake akahamia kambi ya ng'ambo ya mto.

Nakunda hakupona. Siku zake za mwisho aliuliza, "Bibi yuko wapi? Ulipokuwa ukienda kanisani, yeye ndiye aliyekuwa akininywesha uji." Asubuhi moja, Elinaza akiwa kanisani anamwombea, Nakunda alikata roho, hana wa kumshika mkono.

Baada ya maziko, Bukuru, mkata mkonge aliyetoka Kigoma, alimjia.

"Mwinjilisti, lile neno ulilolihubiri, unajua maana yake?"

"Ni pepo wa kwenu."

"Imana ndiye Mungu. Kwa Kiha hatuna jina jingine la kumwita." Bukuru akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa nikipita pale alfajiri. Bibi alikuwa akisema: Imana, siku zangu zimetosha, zilizobaki mpe Nakunda. Nilipaswa kukwambia mapema. Nilikuogopa."

Elinaza aliketi papo hapo kwenye udongo mbichi. Miaka yote alidhani Mungu anaingia kambini kupitia mlango wake peke yake.

Kesho yake alivuka mto. Bibi Ntahondi alimwona kwa mbali, akaja mbio akijifuta mikono kwenye kanga. Kabla hata ya kumkaribisha aliuliza, "Nakunda? Amepata nafuu?"

Elinaza alipiga magoti mbele yake. Bibi akaelewa. Akaketi chini, akalia kama anayemlilia mwanawe, na Elinaza akalia kando yake. Alimwomba radhi, akamsihi warudi pamoja. Radhi alimpa. Kurudi alikataa. "Kule hakuna tena wa kumnywesha uji," alisema.

Jumapili iliyofuata Elinaza hakuhubiri. Alisimama mbele ya watu, Biblia ikiwa imefungwa mkononi, akasimulia yote bila kujificha, kisha akasema maneno ambayo kambi nzima iliyabeba hadi yakatufikia sisi: Dua usiyoielewa usiiite laana.