Mali Iliyoingia Ukutani

"Mwenye nyumba anajua kwamba saruji ile ni yetu?"

Mzee Fumbwe aliuliza hivyo lori likipakiwa. Wapakizi waliinamia mifuko. Kuruthumu, mwanamke aliyeaminiwa kusimamia mali itokayo kwa mkopo, alijifanya anatafuta kalamu.

Mzee huyo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na duka lilikuwa na mteja mmoja mkubwa, mkandarasi aitwaye Lubida. Lubida alikuwa akimjengea mama mmoja mjane nyumba ya wageni. Saruji, nondo, mabati, vyote alivichukua kwa Kuruthumu kwa ahadi ya kulipa. Sheria ya mji ule iliwahurumia wauzaji: ambaye mali yake imeingia ukutani aliweza kuishika nyumba mpaka alipwe. Ila ilikuwa na sharti. Lazima aende kwa mwenye nyumba, mbele ya shahidi, aseme mali yangu imo humu, kabla funguo hazijakabidhiwa. Akichelewa, hata apige kelele mpaka koo likauke, ukuta haumjui.

Kuruthumu aliijua sheria hiyo kama njia ya kwao. Alichoogopa ni uso wa Lubida, maana Lubida alikuwa ndugu wa mumewe. Siku alipojikaza akafika kwenye lango la ujenzi, mjane akiwa ndani anakagua vyumba, Lubida alimkinga njia kwa kicheko.

"Shemeji, umekuja kunivua nguo mbele ya tajiri wangu?"

Mafundi wakacheka. Naye akacheka nao, akageuka.

Tangu hapo hofu ikamfuata kila alipopita kwenye jengo lile. Akiona lipu, anabadili njia. Akiona vioo vya madirisha, anapoteza usingizi. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema, na kila jioni alijiambia shemeji si mtu wa kunidhulumu. Mumewe naye alimwonya asiutie ukoo aibu. Basi akanyamaza, akauita ukimya ule heshima.

Siku moja akaona mapazia; funguo zilikwishakabidhiwa. Hata hivyo alikwenda, akagonga.

"Ee mwanangu, mbona hukusema?" mjane alimwuliza baada ya kumsikia. "Lubida nimemlipa yote, hata asante nikamtilia juu. Ungenitamkia neno moja tu, ningemzuilia malipo. Sasa nikupe nini?"

Kuruthumu alisimama ameegemea ukuta uliojengwa kwa saruji aliyoikopesha, na ukuta ulikuwa baridi. Lubida alikwishahama mji. Mwezi haukuisha Mzee Fumbwe akafunga duka, bila kumfokea mtu, na wapakizi wakaenda makwao mikono mitupu. Hawakuwa na shemeji yeyote wa kumwonea haya, wala hakuna aliyewauliza kama wanakubali hasara ile.

Tunaambiwa toka utotoni kwamba haki ya mtu haipotei. Hupotea, jamani. Hupotea kwa adabu kabisa, mwenyewe akiwa anatabasamu ili asimuudhi anayemwibia, na wanaoilipia ni wale waliokuwa nyuma yake wakimtegemea aseme.

Wewe unayenisikiliza, unajua jasho lako limeingia katika ukuta wa nani. Nakuomba, nenda ukaseme leo, hata kama sauti inatetemeka.