Klarineti Mbili Mezani

Kaeni vizuri, wapendwa, na anayesinzia aguswe na jirani yake, maana habari hii inamhusu kila aliyewahi kukaa kwenye kamati.

Alikuwepo mpiga klarineti mmoja katika mji mmoja wa pwani. Klarineti yake aliirithi kwa baba yake, ya zamani, mti umepauka, vitufe vingine vimefungwa kwa uzi. Aliipiga kama wazee walivyopiga zumari. Bwana harusi akitoka kwao kwenda kwa bibi harusi, yeye yuko mbele, mashavu yamejaa, pumzi haikatiki kuanzia mlango huu hadi mlango ule, na kidole anakiburuza juu ya tundu mpaka sauti inalia kama mtu anayekumbuka. Watu walimpenda sana, na upendo wenyewe ulikuwa sahani ya pilau. Yeye alitaka kiti. Bendi ya manispaa ilikuwa na kiti kimoja cha klarineti, ajira ya kudumu, na hicho ndicho alichokuwa akikiota.

Akaenda kwenye usaili. Wakubwa watatu wamekaa nyuma ya meza, kila mmoja na chupa yake ya maji. Hajailowanisha hata klarineti mdomoni, mwenyekiti akanyanyua mkono.

“Kijana, hiyo ni antiki. We are a modern band. Nenda chuo, kajifunze sistimu ya kisasa, rudi na cheti. Kiti utakikuta.”

Akaamini. Wewe usingeamini? Mtu mwenye tai, mwenye Kiingereza, anakuambia kiti utakikuta.

Sasa niwaeleze jambo moja, msije mkadhani ni kubadilisha viatu. Klarineti ya zamani na ya kisasa ukizitazama kwa mbali ni mapacha. Kwenye vidole ni watu wasiosalimiana. Kwenye ile ya zamani, ukiziba matundu ya mkono wa kushoto ukaongeza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, unapata sauti fulani. Kwenye ya kisasa, kidole hicho hicho, mahali pale pale, kinakutolea sauti ya chini yake, nusu hatua. Ukitaka ile ya kwanza, shahada unainua, unaweka cha kati. Na kidole hakifikiri, ndugu zangu. Kidole kinakwenda kilikozoea.

Kwa hiyo chuoni mwalimu wake alimfunga kidole cha shahada kwa plasta. “Sahau ya nyumbani,” akamwambia. “Hiyo si muziki, ni mazoea.” Miaka minne. Asubuhi plasta, jioni plasta, mpaka kidole kikasahau. Siku ya mahafali mpiga klarineti alicheka na kila mtu kwenye picha. Kitu kimoja tu hakumwambia mtu. Wiki iliyotangulia alikuwa amejaribu ule wimbo wa bwana harusi, na mkono wake ulimtazama kama mgeni.

Akarudi na cheti. Akasubiri tangazo mwaka mzima, likatoka. Meza ile ile, watu wale wale. Ila safari hii mezani zimelala klarineti mbili, mpya na ya zamani.

Akapiga machi ya gwaride kwa ile mpya, safi, hakuna hata kikohozi.

“Very impressive,” akasema mwenyekiti. “Sasa chukua hiyo nyingine. Mwaka huu ni mwaka wa utamaduni. Tunataka bwana harusi aingie.”

“Naomba dakika tano, mheshimiwa, nivikumbushe vidole.”

“Kazi haisubiri vidole.”

Akaanza. Alikwenda vizuri mpaka pale bwana harusi anapokanyaga kizingiti, na hapo shahada ikasita, cha kati kikashuka, na sauti ikatoka si yenyewe. Mama mmoja wa kamati akafunika mdomo kwa faili.

“Msomi mzima,” akasema yule mama, “hujui ngoma ya kwenu?”

“Niliijua, mama. Nilikuja nayo hapa hapa.”

“Hayo ya zamani achana nayo. Kajifunze zote mbili, urudi. Next.”

Nani kati yetu angerudi? Yeye alirudi nyumbani, akakopa klarineti ya kisasa kwa aliyesoma naye, akaiweka mkekani pamoja na ya baba yake. Kila alfajiri ubeti mmoja kwa hii, ubeti wa pili kwa ile, kubadilisha, kubadilisha, mpaka kichwa kinauma. Jirani akamsemesha juu ya ukuta: “Baba, hiyo digrii ilikuwa ya kupiga filimbi au ya kuamsha watu?” Akaanza ubeti mwingine. Miaka miwili ilipita hivyo. Mwisho vidole vyake vikawa kama mtu wa mpakani, anayevuka bila kuulizwa kitambulisho.

Tangazo likatoka tena. Akaingia, akapiga nusu ya wimbo kwa klarineti mpya, na pumzi moja katikati akaiweka chini, akainyakua ya zamani, akamfikisha bwana harusi kizingitini, akamvusha, akamkalisha kitandani kwa heshima zote. Hakuna noti iliyoteleza. Mwenyekiti alikuwa ameacha kunywa maji, chupa iko hewani.

“Hapa umetuweza,” akasema. Akafungua faili taratibu. “Una miaka mingapi, kijana?”

“Thelathini na sita.”

Akalifunga faili. “Pole. Mwisho wetu ni thelathini na mitano. It’s policy.”

“Mheshimiwa, nilipokuja kwenu mara ya kwanza nilikuwa na ishirini na tisa.”

“Sasa si ungetuambia mapema?”

Mpiga klarineti akasimama pale, mikono haina pa kwenda. Akauliza kitu kimoja tu. “Na kile kiti amekaa nani?”

“Hajakaa mtu,” akasema mama wa kamati. “Watu wenye sifa wamekuwa adimu sana.”

Naona mnatikisa vichwa. Mnawakasirikia wale watatu, na mimi nafurahi mkiwakasirikia, kwa sababu sasa nitawaonyesha wanakokaa.

Mwezi uliopita kanisa hili lilitafuta katibu wa ofisi. Tangazo lile lilibandikwa pale mlangoni, kila mtu alilisoma: shahada ya chuo kikuu, uzoefu wa miaka mitano, umri usiozidi ishirini na mitano. Manispaa haikuandika hilo. Tuliandika sisi, baada ya sala ya kufungua kikao. Mtu huyo alihitimu chuo kikuu akiwa na miaka mingapi, wapendwa, alipomaliza kunyonya? Hakupatikana. Tukasema vijana wa siku hizi hawana sifa, tukampa kazi mpwa wa mzee wa kanisa, ambaye shahada hana, uzoefu hana, lakini mjomba anaye.

Na kila Jumapili tunafumba macho tunamwomba Mungu awafungulie vijana wetu milango. Anafungua vipi, na sisi tumeshika kitasa kwa ndani? Tuliwaambia waache jembe, wakaacha. Tukawaambia wasome, wakasoma. Sasa tunawaambia wajiajiri, warudi shambani, na tunawacheka wakishika jembe vibaya. Mikono ile tuliifunga plasta sisi.

Leo baada ya ibada kamati ya shule yetu inakutana humu kuchagua mwalimu wa muziki. Waombaji saba wamekaa benchi la nyuma, mkigeuka mtawaona, wana bahasha mapajani. Mzee unayeingia kikao hicho, kabla hujawauliza wanajua nini, kumbuka uliwatuma wapi na uliwaahidi nini. Aliyetimiza, mpe. Na kama jina limeshaandikwa, toka nje uwaambie hivyo hivyo, uso kwa uso, leo, wakiwa bado na umri wa kwenda kwingine.