Tela Lililoingia Chumbani kwa Mama Gwantwa

Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura na fisi, nasema zamani za lami na petroli, palikuwa na ndugu watatu wa baba mmoja, mama mmoja. Kaeni vizuri. Aliyekuja kucheka aende akachekee kwao, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia.

Mkubwa aliitwa Ambokile. Wa pili ni dada yao, Atupakisye. Wa mwisho ni Lusajo, dereva. Walikuwa na gari-nyumba, lile ambalo watalii hulala ndani, lina kitanda, lina jiko, lina choo. Mzungu mmoja alichoka safari akamuuzia marehemu baba yao. Humo walilala, humo walipika, humo waligombana. Nyuma yake walivuta tela, na juu ya tela kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Mavuno yakianza bondeni, wao hao, wanateremka kutoka milimani kuwakobolea watu.

Baba yao kabla hajafa hakuwaficha kitu. Aliwaambia: gari hili ni la petroli, lilitengenezwa libebe kitanda, nguvu zake zina mwisho, msilizidishie. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Ukikaa nyuma, tela litatikisa mkia. Minyororo ya usalama ifungwe kila safari, maana pini inayounganisha tela na gari ikikatika, mnyororo ndio unaoshika. Na mlimani shukeni kwa gia ndogo, breki peke yake haishindi mlima. Hayo waliyajua kama walivyojua jina la mama yao.

Sasa sikilizeni walivyofanya.

Mwaka huo Ambokile alisikia kuna mtu mwingine mwenye mashine anaelekea bondeni. Roho ikamuuma. Akaleta mashine ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, akasema ipakiwe. Lusajo akamwambia, "Kaka, tela limeshajaa." Akajibiwa mbele za watu, "Kazi yako usukani. Na acha kuchezea petroli, jana umemaliza tangi kama unamwagilia bustani." Ambokile alijua uzito umezidi? Alijua. Alipakia? Alipakia.

Atupakisye ndiye aliyesimamia upakiaji. Ile mashine ya pili akaiacha nyuma kabisa, mlangoni mwa tela, kwa sababu ndiyo itakayoshushwa kwanza, na wapagazi walishaanza kununa. Kisha akaogopa wezi, maana njiani wangesimama sokoni kula. Akafungua minyororo ya usalama, akaizungushia mashine, akatia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Mashine ikafungwa isiibwe, tela likaachwa halijafungwa. Alijua? Alijua. Alifungua? Alifungua.

Lusajo alipofika kwenye mteremko mkubwa akakumbuka matusi ya petroli. Akaondoa gia, akatia nyutro, gari likaanza kushuka lenyewe bila kula mafuta. Wapo madereva hapa wanaoinamisha vichwa, nimewaona. Alijua? Alijua. Alitia? Alitia.

Tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Lusajo akakanyaga breki, breki zikanuka moto, zikagoma. Kwenye kona pini ikakatika. Gari-nyumba, baada ya kutuliwa mzigo, likapinda, likaparuza tuta la udongo, likasimama. Tela halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Mama Gwantwa.

Mama Gwantwa alikuwa mjane. Nyumba ile aliijenga kwa kuuza ndizi: alijenga chumba kimoja, akapumzika miaka, akajenga cha pili. Siku hiyo alikuwa bombani na mjukuu wake. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta ukuta wa mbele umelala, bati zimekunjamana, na mashine ya kukobolea mpunga imekaa juu ya kitanda chake.

Hakulia. Alitua ndoo. Wale watatu wakaja mbio, "Shikamoo mama, pole mama," na kabla hajaitikia marahaba wakaanza.

"Ni Lusajo," Ambokile akasema. "Uzito niliuongeza mimi, sikatai. Lakini uzito huo umetembea salama tangu asubuhi. Umetushinda alipotoa gia."

"Nilitoa gia kwa ajili ya nani?" Lusajo akamjia juu. "Si wewe uliyenitukana kwa petroli? Na hata hivyo, minyororo ingekuwa imefungwa, gari na tela lake vingeishia kwenye tuta, tukaumia sisi. Kilichovunja nyumba ya mama ni tela lililoachia, na liliachia kwa sababu minyororo imefunga mashine. Muulize dada ufunguo uko wapi."

"Uko hapa," Atupakisye akasema, akafungua pindo. "Nilifunga mashine ambayo sikuiomba. Kaka, usingeileta, ningeweka nini nyuma? Ningewaogopea nini wezi? Tamaa ni yako, halafu lawama unatugawia sisi."

Wakazunguka hivyo hivyo, mpaka majirani nao wakagawanyika, wengine huku, wengine kule.

"Nyamazeni," akasema Mama Gwantwa. "Hela zenu sizitaki. Mtanipa, mtaondoka, fundi atanizungusha, na huku kwetu mvua haina msimu. Nataka mtu. Mmoja wenu abaki hapa, afyatue tofali, asimamishe ukuta, aezeke, ndipo aende. Mmoja tu. Mkibaki watatu mtagombana mpaka mvua inyeshe, na sina ugali wa kulisha watatu. Lakini awe mwenye kosa. Nikimtumikisha asiye na kosa, nyumba yangu itakuwa imejengwa kwa dhuluma, na mimi humo silali."

Atupakisye akasema, "Nitabaki mimi, mama."

Ndugu zake hawakumbishia. Hata kumwambia "pole dada" hawakumwambia. Ambokile alishaanza kuita vijana wa kusukuma tela. Hapo ndipo damu yangu huchemka.

Mama Gwantwa akamtazama yule dada. "Unabaki kwa sababu kosa ni lako?"

"Hapana, mama. Nabaki kwa sababu nimewachoka hawa."

"Basi panda gari. Kuwachoka kwako hakunihusu. Nimesema namtaka mwenye kosa."

Akaingia kwenye kifusi, akafukua koleo lake, akalichomeka ardhini katikati ya wale watatu. Mjukuu wake alikuwa ameshaanza kutetemeka kwa baridi.

Haya, nyie wenye midomo. Asinijibu mtu kwamba ni wote, mama ameshawakataa wote. Asinijibu mtu kwamba ni bahati mbaya, bahati haitii nyutro. Matone ya kwanza yanadondoka juu ya kitanda, na koleo bado limesimama pale peke yake. Je, ni nani aliyestahili kulishika?