Mbegu Zilizomwagwa Harusini

Hapo zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na vijiji viwili mlimani. Watu wa kijiji cha juu walipanda mumunye tamu, wakala. Watu wa kijiji cha chini walipanda vibuyu vichungu, wakatengeneza vyombo vya maziwa na manyanga ya kutikisa ngomani, wakavibadili kwa mumunye za juu. Ukipika kibuyu cha chini, tumbo litakuendesha mpaka umsahau mama yako. Na mbegu zao? Kwa macho, huwezi kuzitofautisha hata kidogo.

Kila vijiji hivyo vilipooana, siku ya harusi kila upande ulitoa konzi moja ya mbegu. Zikachanganywa kwenye ungo, bibi harusi akazipanda mlangoni kwa baraka, na matunda yake hayakuliwa. Konzi moja tu, jamani!

Sasa, Nakijwa wa kijiji cha juu akaolewa na Semboja wa kijiji cha chini. Ngoma ikalia, pombe ikapanda kichwani. Mjomba wa Nakijwa, Mzee Mrutu, akatoa konzi moja, akaona haitoshi kuonyesha anavyompenda mpwa wake. Akamimina mbegu zote za ukoo! Mama Semboja, mama wa bwana harusi, akasema, "Ala! Kwani sisi hatuna kitu?" Naye akamimina zake zote. Watu wakapiga vigelegele. Vigelegele vilipoisha, wakatazamana.

Mama Semboja, aibu imemshika, akawa mkali. "Mkwe wangu, mbegu hizi zitengane kabla ya mvua kukolea, na isitupwe hata punje moja. Zisipotengana, utarudi kwenu. Mimi siwezi kulisha wanangu sumu."

Nakijwa akalia, maana alimpenda Semboja kwelikweli. Akasema mbele ya watu wote, "Atakayezitenga mbegu hizi, huyo mmoja ndiye atakayempa jina mtoto wangu wa kwanza."

Akaja shangazi yake, Namkunda, na unyasi wa kupimia na mizani ya kijiti. Akapima urefu, punje kwa punje. Kutoka fupi hadi ndefu hakuona pengo. Pa kukata hapakujulikana. Akapima uzito, punje kwa punje. Kutoka nyepesi hadi nzito, vilevile, hakuona pengo. Watu wakamcheka. "Shangazi, unazihesabu au unazibembeleza?"

Namkunda akatandika mkeka. Akasema, "Fupi zikae upande wa mlango, ndefu upande wa ukuta. Nyepesi zikae upande wa jiko, nzito upande wa kitanda. Na kila mbegu ifuate mambo yote mawili kwa pamoja." Punje kwa punje akazipanga, siku mbili, mgongo ukakaza. Alipoinuka, lo! Mkekani palikuwa na makundi mawili, na kati yao uwazi, na katika uwazi huo mbegu chache zilizokaa pekee, hazipo huku wala kule.

"Haya, shangazi, tamu ni zipi?" Nakijwa akauliza.

"Mwanangu, mimi nimezitenga tu. Majina yake siyajui."

Akaja Mzee Kalutu, mpiga manyanga wa kijiji cha chini. Manyanga yake aliyapenda kuliko ng'ombe wake, na ndani yake zilibaki mbegu za kibuyu chenyewe, chungu bila shaka yoyote. Akayabusu, kisha akayapiga jiweni, pwaa! Mbegu zikatoka. Namkunda akazipima, akaziweka mkekani mahali pake. Zote zikaangukia kundi la ukutani.

"Hizo ndizo chungu," Mzee Kalutu akasema huku akifuta macho. "Za mlangoni ni tamu. Na hizi za katikati ziko karibu zaidi na tamu, basi zitiwe huko, tumalize."

"Hazitiwi!" Huyo alikuwa Mbonea, rafiki wa Nakijwa tangu utotoni, mbishi asiye na mfano. "Kuwa karibu na tamu siyo kuwa tamu, babu."

Akazifunga za katikati kwenye kitambaa kibichi mpaka zikachipua. Akaanza kutafuna majani yake, chipukizi kwa chipukizi. Tamu. Tamu. Chungu! Tamu. Chungu! Nusu yake zilikuwa sumu, na ulimi wa Mbonea ukavimba ukajaa mdomo. Kwa siku tatu hakuweza kubishana na mtu, na kijiji kizima kikapumzika.

Mbegu zikapandwa. Mvua ikanyesha, mumunye zikazaa, zikapikwa, na hakuna aliyeshika tumbo. Mama Semboja alikomba sufuria kwa kidole, akamkumbatia mkwewe, wakacheza ngoma mpaka vumbi likafika kiunoni. Mwaka haukuisha, Nakijwa akajifungua binti mnene mwenye sauti kubwa.

Na siku ya saba, siku ya kumtoa mtoto nje kwa jina lake, wakasimama watu watatu mlangoni.

Namkunda akasema, "Kabla yangu ilikuwa lundo moja. Bila mkeka wangu, mngeziita zipi tamu na zipi chungu?"

Mzee Kalutu akasema, "Makundi mawili yasiyojulikana yana faida gani? Mngepika lile la sumu mkashangilia. Mimi nilivunja manyanga yangu, na hadi leo mikono yangu haijui pa kwenda ngoma ikilia."

Mbonea akasema, "Babu alishasema tumalize, na shangazi hakumpinga. Mngemaliza kweli, na sisi tungemalizika."

Mjomba Mrutu naye akapenya kutoka nyuma. "Jamani, mimi nisingezimwaga, ninyi mngepata wapi sifa?" Wakamfukuza kwa vicheko na mwiko.

Nakijwa akasimama kizingitini na mtoto mikononi. Aliwapenda wote watatu, lakini jina aliliahidi kwa mtu mmoja tu. Nje ngoma inasubiri, mtoto analia, hana jina.

Haya, ninyi mliokaa mkinisikiliza, na wewe unayecheka huko nyuma: kati ya aliyezitenga, aliyezitambua na aliyezitilia shaka, nani alistahili kumpa mtoto jina?