Kanga na Trauti wa Kijito Baridi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mto?
Mto baridi wa mlimani!
Ndani yumo nani?
Trauti wa madoadoa!

Hapo zamani za kale, kiangazi kilikausha vijito vyote vya mlimani, kikabaki kimoja chembamba. Tembo, mkubwa wa msitu, akawaita wanyama.

"Maji hayatutoshi," akasema. "Atakayemtoa majini yule samaki Trauti kabla jua halijatua, huyo anakijua kijito. Kitakuwa chake. Wengine mtahama."

Kanga alishtuka. Alikuwa na vifaranga saba, hata kuruka hawajui. Kuhama kulikuwa kuwaua.

"Nami nitajaribu," akasema.

"Wewe Kimadoa?" Fisi Maji akacheka. "Nenda kaoge kwanza, hayo madoa yatoke!"

Mnacheka na nyinyi? Haya, chekeni. Mtaona.

Fisi Maji akajitosa, chubwi! Trauti huyo, chini ya jiwe. Akatoka mikono mitupu.

Nyani akaja kwa mbwembwe, akasimama upande wa juu wa kijito. Kivuli chake kikaanguka majini. "Karibu Nyani," akasema Trauti, "kivuli chako kimeshafika!" Akazama zake.

Kanga hakukimbilia maji. Alijibanza nyasini, akatazama. Akaona Trauti daima huelekeza kichwa kule mto unakotoka, akingoja wadudu waletwe na maji.

"Kumbe nyuma haangalii!" akasema moyoni.

Akajing'oa unyoya wenye madoa. Uchungu ulimtoa machozi, akajikaza. Akaufunga kwenye mwiba kwa uzi wa mgomba, ukawa kama mdudu kabisa. Kisha akapanda kijito kutokea chini, polepole, ameinama, nyuma ya Trauti. Akaurusha unyoya mbele yake. Maji yakauleta, taratibu, taratibu.

"Mdudu gani mzuri hivi?" akasema Trauti. Hap!

Kanga akavuta uzi. Akavuta tena. Mara ya tatu, Trauti huyo nyasini!

"Nani amenishika?"

"Mimi, Kimadoa."

Trauti akatazama madoa ya Kanga, akatazama yake. "Afadhali," akasema. "Nimeshikwa na wa kwetu."

Basi Kanga akambeba Trauti, akapita mbele ya wanyama wote, shingo juu, kifua mbele, vifaranga saba nyuma yake. Nyani mwenyewe akampisha.

"Kijito ni chako," akasema Tembo.

Kanga akamrudisha Trauti majini. "Hakuna wa kuhama," akasema. "Wote mtakunywa, kidogo kidogo. Ila anayetaka maji aniite kwa jina langu."

Kiu ikambana Fisi Maji mpaka akasogea, macho chini.

"Hodi, Mama Kanga. Naomba maji."

"Karibu, baba. Kunywa."

Basi wanangu, tazama kabla hujatia mkono. Na wakikucheka kwa ulivyoumbwa, usijifute. Huenda hicho wanachokicheka ndicho kitakachokuokoa.

Hadithi yangu nimeiacha kijitoni. Mwenye kiu akanywe, lakini apige hodi.